Mkono, Meza na Kompyuta: Historia ya Vidhibiti vya Studio za Muziki na Somo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya meza ya vidhibiti, yaani chombo chenye vitelezi, vitufe na vizungusho kinachounganishwa na programu ya kurekodi muziki ili mtumiaji aiendeshe programu hiyo kwa mikono yake badala ya kutegemea kipanya peke yake. Historia hiyo inaonesha mambo mawili. Kwanza, kompyuta ilipoingia studio haikufuta maarifa ya mkono. Ilibidi maarifa hayo yarudishwe kwa gharama. Pili, chombo na programu vilielewana kwa sababu makampuni yaliyoshindana yalikubali msimbo wa pamoja. Makala yanahoji kwamba uundaji wa istilahi za Kiswahili za fani hii unapaswa kufuata njia hiyohiyo: kuanzia kwenye kazi ya mkono, kisha kutafuta makubaliano ya kikanda kabla maneno hayajatawanyika.

1.0 Utangulizi

Anayeingia leo katika studio ndogo ya muziki mjini Kampala, Bujumbura, Lubumbashi au Arusha hutarajia kukuta kompyuta, maikrofoni, spika mbili na pengine kinanda kidogo. Kwenye skrini ya kompyuta hiyo kuna mchoro wa meza: safu ya vitelezi vilivyosimama wima, kila kimoja na vizungusho vyake juu, na kwenye ukingo wa safu kitelezi kikuu. Kijana anayeketi mbele ya skrini huvuta kitelezi kwa kipanya, akipandisha ngoma, akishusha gita. Huenda hajawahi kuigusa meza yenyewe. Amekutana na kivuli kabla ya kukutana na mwenye kivuli.

Jambo hili lina maana kwa mtafiti wa lugha. Programu ya kompyuta haihitaji kitelezi. Kiwango cha sauti kwake ni namba tu, na namba ingeweza kuandikwa katika kisanduku. Waundaji wa programu walichora meza kwa sababu kazi ya kuchanganya sauti ilikwisha kupata umbo lake, mienendo yake na msamiati wake juu ya meza. Mchoro ulibeba msamiati huo ukauingiza katika kompyuta, na kwa watumiaji wengi wa ukanda huu uliuingiza kwa Kiingereza au Kifaransa.

Swali linaloongoza makala haya ni hili: Kiswahili kikitaka kuifundisha kazi hii, kiviite vitu vyake kwa kutazama nini? Kitazame mchoro, neno la kigeni lililoandikwa chini ya mchoro, au mkono uliokuwapo kabla ya vyote viwili? Jibu halimo katika kamusi. Limo katika historia ya chombo chenyewe.

2.0 Meza kabla ya kompyuta

Katika studio za mwanzo sauti zilipandishwa na kushushwa kwa vizungusho vya duara. Fundi mwenye mikono miwili aliweza kushika vizungusho viwili, na kwa shida vitatu. Maikrofoni zilipoongezeka, umbo la duara likawa kikwazo. Tom Dowd, fundi wa kampuni ya Atlantic Records ya New York, ndiye anayetajwa sana miongoni mwa waliobadilisha vizungusho hivyo kwa vitelezi vya mstari ulionyooka katika miaka ya 1950. Sababu yake ilikuwa ya kimwili kabisa. Vitelezi vikipangwa sambamba, vidole vya mkono mmoja vinaweza kuvisukuma kadhaa kwa pamoja, na jicho likiitazama safu linaona mara moja ni sauti ipi iko juu na ipi iko chini. Atlantic ilikuwa pia kati ya kampuni za kwanza kutumia mashine ya Ampex yenye njia nane za kurekodia, mwishoni mwa muongo huo. Njia nane zilihitaji vidole zaidi kuliko njia mbili, na meza ilikua kwa kufuata idadi ya njia.

Maendeleo hayo hayakwenda sawa kila mahali. Kati ya mwishoni mwa 1966 na mwaka 1967 The Beatles walirekodi albamu ya Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band mjini London kwa mashine za njia nne. Njia zilipojaa, sauti zilichanganywa na kuhamishiwa kwenye mashine nyingine ili nafasi ipatikane. Kila uhamisho ulikuwa uamuzi usiorudishika, na uamuzi huo ulifanywa kwa mkono juu ya meza.

Kuchanganya sauti kulikuwa onesho, si hesabu. Kundi la 10cc la Uingereza, lilipotengeneza wimbo wa "I'm Not in Love" mwaka 1975, lilirekodi sauti za waimbaji wake mara nyingi, noti kwa noti, kisha kila noti ikapewa njia yake. Wanakundi walikaa kwenye meza wakipandisha na kushusha vitelezi kama mtu anayebonyeza kinanda, na kwaya iliyosikika ilitokana na vidole hivyo. Mjini Kingston, Jamaika, fundi Osbourne Ruddock, aliyejulikana kama King Tubby, alikuwa amefanya jambo la ujasiri zaidi. Alichukua nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, akaondoa sauti ya mwimbaji, akairudisha kwa mwangwi, akazungusha kizungusho cha kuchuja besi, na meza ikawa ala. Muziki wa dub ulizaliwa na mikono ya watu waliokuwa wakihesabiwa kuwa wasaidizi wa wanamuziki.

Onesho lina udhaifu wake: haliwezi kurudiwa sawasawa. Wimbo wenye njia ishirini na nne ulihitaji watu kadhaa kusimama mezani, kila mmoja na wajibu wake, na mmoja akikosea wote huanza upya. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 kampuni ya Neve ya Uingereza ilileta mfumo wa NECAM, ambamo kompyuta ilikumbuka mwendo wa kila kitelezi na mota ndogo zikavisogeza vitelezi vyenyewe wakati wimbo ukirudiwa. Kwa mara ya kwanza fundi aliweza kukunja mikono na kutazama meza ikirudia alichokifanya jana. Ikumbukwe kwamba hapa kompyuta ilikuja kuuhudumia mkono. Haikuja kuchukua nafasi yake.

3.0 Ala zinapopata lugha moja

Mageuzi ya pili yalitoka kwa waunda vinanda. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kila kampuni ilikuwa na namna yake ya kuunganisha ala zake, na kinanda cha kampuni moja hakikuelewana na cha kampuni nyingine. Mwaka 1981 Dave Smith wa kampuni ya Sequential Circuits ya California alipendekeza mbele ya wahandisi wa sauti kwamba makampuni yakubaliane juu ya njia moja ya mawasiliano. Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa kampuni ya Roland ya Japani, alikuwa akilitetea wazo kama hilo, na majadiliano kati ya makampuni ya Marekani na Japani yakazaa mfumo wa MIDI. Katika maonesho ya biashara ya ala za muziki ya Januari 1983, Prophet-600 ya Sequential iliunganishwa na Jupiter-6 ya Roland, na kinanda kimoja kikaamrisha kingine. Mwaka 2013 Smith na Kakehashi walipewa Tuzo ya Grammy ya Kiufundi kwa kazi hiyo.

MIDI haisafirishi sauti. Husafirisha ujumbe mfupi: noti fulani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi hiki, kizungusho fulani kimefika namba hii. Waya mmoja una chaneli 16, na thamani nyingi huhesabiwa kuanzia 0 hadi 127. Ni lugha yenye msamiati mdogo. Hata hivyo ilifanikiwa kwa sababu ya udogo huo na kwa sababu nyingine iliyo kubwa zaidi: hakuna kampuni iliyoimiliki peke yake. Mshindani aliitumia bila kuomba ruhusa kwa mshindani mwenziwe. Vifaa vya mwaka 1983 bado vinaweza kuamrishwa na kompyuta za leo, na toleo la pili la mfumo, lililopitishwa mwaka 2020, liliundwa kwa sharti la kutolitupa la kwanza.

Wanaoshughulika na usanifishaji wa lugha wanaweza kuitambua hali hii. Msimbo ulioshinda haukuwa ule uliokuwa na uwezo mwingi zaidi. Ulikuwa ule ambao watu waliohasimiana katika biashara waliweza kuutumia wote bila mmoja kujiona amemezwa na mwingine.

4.0 Kidole kimoja hakivunji chawa

Kompyuta ya Atari ST ya mwaka 1985 ilitoka kiwandani ikiwa na matundu ya MIDI, na kwa sababu hiyo ikapendwa na wanamuziki. Mwaka 1989 kampuni ya Steinberg ya Hamburg ilitoa Cubase kwa ajili ya kompyuta hiyo. Mwaka huohuo kampuni ya Digidesign ya California ilitoa Sound Tools, na mwaka 1991 ikafuata Pro Tools, iliyoanza na njia nne tu za sauti. Katika miaka kumi iliyofuata, kazi za mashine ya kanda na za meza zilihamia kidogokidogo ndani ya kompyuta.

Uhamisho huo ulileta faida zisizobishaniwa. Sauti iliweza kukatwa na kubandikwa bila wembe. Kosa liliweza kufutwa. Mwendo wa kitelezi uliweza kuchorwa kama mstari na kurekebishwa nukta kwa nukta. Lakini palikuwa na hasara iliyoonekana mara moja. Kipanya ni kidole kimoja. Aliyezoea kupandisha waitikiaji kwa mkono wa kushoto huku akishusha zeze kwa mkono wa kulia alijikuta akifanya kwanza hili, kisha lile. Aidha, kipanya kililazimisha jicho kufanya kazi ya kidole: mtu hawezi kukishika kitelezi cha kwenye skrini bila kukitazama, na anayetazama sana husikiliza kidogo. Waswahili walikwisha kusema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na studio za miaka ya 1990 zilijifunza ukweli huo kwa njia yake.

Jibu lilikuwa kurudisha meza, safari hii bila nyaya za sauti ndani yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Mackie, ikishirikiana na Digidesign, ilitoa HUI, na mwaka 1998 Digidesign yenyewe ikatoa ProControl. Vyombo hivi havipitishi sauti hata kidogo katika vitelezi vyake. Kitelezi kikisogezwa, chombo hutuma ujumbe. Programu hubadilisha namba yake. Na programu ikibadilisha namba hiyo yenyewe, mota hukisogeza kitelezi. Mawasiliano ni ya pande mbili. Katika mfumo wa HUI programu hutuma ujumbe mfupi takriban kila sekunde kuuliza kama chombo kipo, na chombo hujibu. Ni mfano wa hodi na karibu: jibu lisipokuja, programu huchukulia kwamba nyumba haina mtu na huacha kutuma habari.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mackie ilishirikiana na kampuni ya Emagic ya Ujerumani, iliyonunuliwa na Apple mwaka 2002, kuunda chombo cha programu ya Logic. Muda mfupi baadaye chombo hicho kikawa Mackie Control, kilichokusudiwa programu nyingi. Utaratibu wake unastahili kuelezwa kwa sababu ndio uliotapakaa zaidi. Chombo kina vitelezi vinane vya njia na kimoja kikuu. Kwa kuwa ngazi 128 za kawaida za MIDI ni chache mno kwa kitelezi, kiasi kwamba sikio laweza kusikia sauti ikipanda kwa kuruka, nafasi ya kitelezi hutumwa kwa ujumbe ambao asili yake ni wa kupindisha noti ya kinanda, wenye nafasi 16,384. Kitelezi cha kwanza hutumia chaneli ya kwanza, cha pili chaneli ya pili, hadi kikuu kinachotumia ya tisa. Kidole kikigusa kitelezi, chombo huiarifu programu, mota hulegea, na mwendo mpya huanza kuandikwa juu ya ule wa zamani. Kidole kikiondoka, kumbukumbu ya awali huendelea. Wimbo wenye njia arobaini hauhitaji vitelezi arobaini: kitufe kimoja huhamisha vitelezi vinane kutoka kundi la kwanza la njia hadi la pili, na mota huvipanga upya kwa mara moja.

Neno lililozaliwa kwa noti ya kinanda likapewa kazi ya kubeba nafasi ya kitelezi. Wanaisimu wanalijua jambo hili: ni upanuzi wa maana, nao hutokea pale lugha inapokuwa na haja mpya na sarufi ileile. Kilichofuata kinajulikana pia. Makampuni mengine, badala ya kubuni msimbo wao, yalifanya vyombo vyao vijitambulishe kwa programu kana kwamba ni Mackie Control. Lahaja ya kampuni moja ikawa lugha ya mawasiliano mapana. Palikuwa na mifumo iliyoipita kwa uwezo, kama EUCON ya kampuni ya Euphonix, iliyonunuliwa na Avid mwaka 2010, lakini wingi wa watumiaji ulibaki na lahaja iliyokwisha kuenea.

Haki inataka isemwe kwamba wapo watayarishaji mahiri wasiotumia meza ya vidhibiti na wasioihitaji. Kazi zao haziwezi kuitwa pungufu. Hoja ya makala haya si kwamba kipanya kimeharibu muziki. Hoja ni kwamba sehemu ya maarifa ya kazi hii imo katika mwendo wa mikono, na viwanda vyenyewe vililitambua jambo hilo vikaingia gharama ya mota na vitelezi ili kulirudisha.

5.0 Studio za Afrika Mashariki: programu kabla ya meza

Katika Afrika Mashariki meza na kompyuta hazikufuatana kwa utaratibu ulioelezwa hapo juu. Baada ya uhuru, Nairobi ilikuwa kitovu cha kampuni za kurekodi na kutoa santuri, na studio ya Equator Sound ni miongoni mwa zile zilizoacha alama. Nchini Tanzania, bendi za dansi na vikundi vya taarab vilirekodiwa zaidi katika redio ya taifa. Aliyekaa nyuma ya meza aliitwa fundi mitambo, na watangazaji walizoea kumtaja kwa heshima mwishoni mwa kipindi. Jina hilo lina uzito. Fundi katika Kiswahili ni mtu aliyejifunza kwa kukaa karibu na fundi mwingine, kama fundi seremala na fundi cherehani. Elimu yake imo mikononi.

Miaka ya 1990 ilileta redio binafsi na kompyuta za bei nafuu kwa wakati mmoja. Dar es Salaam ilipata studio za watayarishaji kama Master Jay na P-Funk Majani. Nairobi ikapata Ogopa na Calif. Mwishoni mwa muongo huo programu ya FruityLoops, iliyoundwa Ubelgiji na kuitwa FL Studio tangu mwaka 2003, iliwezesha kijana mwenye kompyuta moja kutengeneza mdundo chumbani kwake. Kizazi kipya kilijifunza kwa skrini na kipanya. Fundi mitambo wa redio na prodyuza wa mtaani hawakukaa chumba kimoja, na mnyororo wa fundi na mwanagenzi ulikatika mahali hapo.

La kushangaza ni kwamba lugha iliukumbuka mkono hata pale mkono ulipoikosa meza. Katika habari za muziki wa kizazi kipya, wimbo husemwa umefanyika chini ya mikono ya mtayarishaji fulani. Mdundo hugongwa, kama ngoma. Wimbo hupikwa, na studio huwa jiko. Sitiari hizi hazikutoka katika programu yoyote wala hazikutafsiriwa. Zilitoka kwa wasemaji wenyewe, walioiona kazi ya kompyuta na kuielewa kuwa kazi ya mikono. Mwanaistilahi anayetafuta mahali pa kuanzia amekwisha kuoneshwa njia.

6.0 Somo kwa istilahi za Kiswahili

Mazingira ya kisera yanaifanya kazi hii kuwa ya haraka. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika Kifungu cha 137, unataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano ya Jumuiya. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017; Baraza la Mawaziri la Uganda lilichukua uamuzi wa aina hiyo mwaka 2022; na mwaka huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, ilijiunga na Jumuiya. Fani za sanaa na ufundi zikifundishwa kwa Kiswahili katika nchi hizi, mwalimu atahitaji jina la kila kitu kilichopo mezani. Mambo manne yanajitokeza.

La kwanza ni hatari ya wingi wa maneno. Historia ya kompyuta katika Kiswahili inalo funzo: kompyuta iliitwa pia tarakilishi na ngamizi, kipanya kiliitwa puku na mausi. Miradi ya kutafsiri programu, kama Jambo OpenOffice iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilifanya kazi kubwa ya kuchagua, lakini vitabu vya nchi mbalimbali viliendelea na chaguo zao. Neno kama puku halikuwa baya. Lilikosa makubaliano.

La pili ni hatari ya kutafsiri jina badala ya kukitaja kitu. Kiingereza na Kifaransa vyote huita chombo hiki "uso" wa kudhibiti. Kiswahili kinajua uso wa maji na uso wa dunia, kwa hiyo tafsiri hiyo haivunji sarufi. Lakini mwanafunzi akiambiwa aguse uso atafikiria kwanza uso wa mtu. Ilhali lugha hizo mbili huita pia chombo kilichotangulia kwa majina yenye maana ya meza, na meza ni neno la kila nyumba kutoka Lamu hadi Kisangani. "Meza ya vidhibiti" hueleweka kwa aliyesoma kwa Kiingereza na kwa aliyesoma kwa Kifaransa. Vivyo hivyo neno "kiolesura" limekwisha kukubalika katika taaluma ya kompyuta, lakini umbo lake linakumbusha kitenzi cha kale "kuola", yaani kutazama, pamoja na "sura". Linafaa skrini. Kwa chombo ambacho thamani yake ni kwamba mtu anaweza kukitumia amefumba macho, linasema kinyume cha kazi yake.

La tatu ni mgongano wa maneno ya mkopo. Katika studio "biti" ni mdundo. Katika darasa la kompyuta "biti" ni kipimo kidogo kabisa cha habari. Mwalimu atakayesema kwamba biti imerekodiwa kwa biti ishirini na nne atahitaji kueleza. Suluhisho limekwisha kuwapo: mdundo ubaki mdundo, na biti iachiwe kompyuta. Mkopo wa "feda" kwa kitelezi una tatizo jingine. Uko karibu mno na "fedha", hasa kwa wasemaji wasiotofautisha sauti hizo mbili katika matamshi. "Kitelezi", kinachotokana na kuteleza, kinataja mwendo wenyewe wa kidole na hakigongani na neno lolote.

La nne ni la urefu wa maneno, na hili husahaulika kwa urahisi. Meza za aina ya Mackie Control zina kioo chembamba juu ya vitelezi, chenye mistari miwili, na kila njia hupewa nafasi ya herufi saba, pamoja na ile inayoacha pengo. Kioo hicho husoma herufi za kawaida za Kilatini tu. Kiswahili kina bahati: hakina alama za juu wala za chini za herufi, na maneno kama Ngoma, Besi, Gita, Zeze na Sauti huingia bila taabu. Lakini Waitikiaji haliingii. Baadhi ya programu hufupisha jina kwa kuondoa irabu, mbinu iliyobuniwa kwa lugha zenye konsonanti nyingi. Kiswahili, ambacho silabi zake nyingi huishia kwa irabu, hutoka humo kimekatika. Waitikiaji likiondolewa irabu zote hubaki Wtkj, na Waimbaji hubaki Wmbj. Kwa hiyo orodha ya istilahi ya fani hii inapaswa kuwa na safu ya pili ya vifupisho vilivyokubaliwa, kama Itikio kwa sauti za waitikiaji, vilivyojaribiwa kwenye kioo na si kwenye karatasi pekee.

Kutokana na hayo, makala yanapendekeza hatua tatu. Kwanza, maneno yakusanywe kwa mafundi mitambo wa redio, wengi wao wakiwa wazee sasa, na kwa watayarishaji vijana, kabla neno lolote jipya halijabuniwa. Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikae na mabaraza na vyuo vya nchi wanachama ili orodha moja fupi ikubaliwe, ikianza na vitu vinavyoguswa: meza, kitelezi, kizungusho, kitufe, njia. Tatu, majina ya kimsimbo kama MIDI yaachwe yalivyo, kwa kuwa thamani yake ni kueleweka na kila chombo duniani.

7.0 Hitimisho

Historia ya meza ya vidhibiti ni historia ya kitu kilichodhaniwa kimepitwa na wakati kikarudi kwa sababu mwili wa binadamu haukubadilika. Mkono una vidole vitano, sikio linasikia vizuri zaidi jicho likipumzika, na kazi iliyojifunzwa kwa vidole haihamishwi yote kwa mchoro. Makampuni yaliyoutambua ukweli huo yalilazimika kukubaliana juu ya msimbo mmoja, na waliokubaliana mapema ndio ambao msimbo wao unatumika mpaka leo.

Kiswahili kiko mahali ambapo viwanda vya ala vilikuwa mwaka 1981: kina watumiaji wengi, vyombo vingi na misimbo mingi. Kijana wa Bujumbura akiipa njia jina la Ngoma katika programu yake, jina hilo huandikika juu ya kitelezi cha meza yoyote ya aina hiyo, popote ilipotengenezwa, bila kuomba ruhusa ya mtu. Kwa kiasi hicho Kiswahili kimekwisha kuingia mezani. Kilichobaki ni kwamba mwenziwe wa Mombasa akilisikia neno la kitelezi hicho, alitambue kuwa ni lake pia.